Nyumba Njema Si Mlango: Fleti ya Ushirika au Fleti ya Hati?

Huenda unaye jamaa aliyekwenda Marekani kutafuta maisha. Miaka mingi amefanya kazi za zamu, amepanga vyumba vya watu, na sasa akiba yake yatosha kununua makao madogo katika viunga vya jiji la New York, tuseme Yonkers au White Plains. Anakupigia simu kutaka shauri. Dalali amemwonyesha fleti mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili: chumba cha kulala, sebule, jiko, na kituo cha treni si mbali. Lakini moja ni rahisi na nyingine ni ghali. Afanyeje?

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Tofauti ya fleti hizi haimo katika kuta, bali katika karatasi.

Ile ya bei nafuu ni fleti ya ushirika. Anayeinunua hanunui kuta wala sakafu. Jumba zima ni mali ya kampuni moja, naye hununua hisa katika kampuni hiyo. Hisa hizo ndizo zinazompa mkataba wa kukaa katika fleti yake. Kwa hiyo yeye ni mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja. Kila mwezi hulipa ada, na ndani ya ada hiyo mna fungu lake la kodi ya majengo, la mishahara ya wafanyakazi, la matengenezo, na la deni la rehani la jumba zima endapo lipo.

Ile ya pili huitwa kondominiamu. Hapa mnunuzi hupewa hati yake mwenyewe ya kumiliki fleti, na pamoja na wenziwe humiliki paa, ngazi, lifti na kiwanja. Kodi ya majengo huilipa mwenyewe, na ada ya huduma za pamoja hulipwa mbali. Basi mwambie jamaa yako asilinganishe ada kwa ada, kwani atadanganyika. Na ajumlishe kila kitu: rejesho la mkopo, kodi, ada na bima, ndipo apate kujua ipi iliyo rahisi kweli.

Yafaa kukumbuka kwamba ushirika wa nyumba haukuanzishwa na matajiri. Mwaka 1916, wahamiaji kutoka Finland walichanga fedha wakajenga nyumba yao Brooklyn, wakaiita Alku, yaani Mwanzo. Mwaka 1927 chama cha wafanyakazi washona nguo kilifungua nyumba za ushirika huko Bronx. Baadaye, katika eneo hilohilo la Bronx, ulijengwa mji mzima wa Co-op City wenye fleti zaidi ya 15,000. Ada zilipopandishwa mno, wakazi wake waligoma kulipa kwa muda wa miezi 13, tangu mwaka 1975 hadi 1976, mpaka wakapata kuuendesha mji wao wenyewe. Kondominiamu ni mgeni zaidi: sheria yake katika jimbo la New York ilipitishwa mwaka 1964.

Sasa tutazame faida na hasara. Ushirika huchagua wanachama wake. Bodi hudai kuona mishahara, madeni na akiba ya mwombaji, kisha humwita kwa mahojiano. Yaweza kumkataa, na kwa desturi ya sehemu nyingi hailazimiki kutaja sababu, ijapokuwa sheria inakataza ubaguzi wa rangi, dini au asili ya mtu. Aghalabu hutaka mnunuzi atoe taslimu asilimia 20 ya bei, au zaidi. Masharti hayo ni mazito, lakini yana hekima yake: jirani asiyeweza kulipa ni mzigo kwa wote. Tena gharama za kukamilisha ununuzi huwa ndogo, kwa sababu mnunuzi wa hisa halipi ile kodi ya kusajili rehani ambayo mwenzake wa kondominiamu hutozwa.

Lakini muulize jamaa yako swali moja: je, anakusudia kurudi nyumbani? Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vyama vingi vya ushirika humzuia mwanachama kupangisha fleti yake, au humruhusu kwa miaka michache tu. Akirudi Dar es Salaam au Mombasa hataweza kuiacha ikimletea kodi kila mwezi. Huenda akalazimika kuiuza, na mnunuzi wake naye apite mbele ya bodi. Hata watoto watakaorithi hisa mara nyingi huhitaji kibali kabla ya kuhamia. Mwenye kondominiamu ana uhuru zaidi wa kupangisha, kuuza na kurithisha, na uhuru huo ndio aliolipia bei kubwa.

Hata hivyo, asidhani kwamba hati humtenga na majirani. Tarehe 24 Juni 2021, katika mji wa Surfside karibu na Miami, sehemu ya jumba la kondominiamu la ghorofa 12 iliporomoka usiku, wakafa watu 98. Tangu mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameonya juu ya uharibifu mkubwa wa zege. Wenye fleti walibishana kwa muda mrefu juu ya gharama, na mchango wa dola milioni 15 ulipoidhinishwa, kazi kubwa ya kurekebisha zege ilikuwa haijaanza. Paa likivuja, halichagui mwenye hisa wala mwenye hati.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, jamaa yako amtafute wakili wake mwenyewe, asiyekuwa wa muuzaji. Wasome pamoja hesabu za jumba za miaka kadhaa na kumbukumbu za mikutano ya bodi. Waulize: mfuko wa akiba una kiasi gani? Jumba linadaiwa nini? Wangapi hawajalipa ada? Lini paa na lifti vilitengenezwa?

Maswali hayo si ya Marekani peke yake. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kupata hati ya sehemu ya jengo, na maghorofa yanazidi kuota mijini. Anayetaka kukaa daima na majirani waliochujwa, ushirika utamfaa. Anayetazama safari ya kurudi, na afikirie hati. Lakini yeyote kati yao asinunue mlango kabla ya kuingia ndani.