Utafiti Upi wa Chanjo Tuuamini?

Mwaka 1998 huko Uingereza, daktari Andrew Wakefield na wenzake walidokeza kuwa chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela huleta usonji. Walichunguza watoto 12 tu, bila kuwalinganisha na wengine. Jarida la Lancet liliufuta utafiti huo mwaka 2010.

Mwaka 2014, wataalamu walijumlisha tafiti zenye watoto zaidi ya milioni 1.2. Waliochanjwa hawakupata usonji kuliko wasiochanjwa.

Lakini hata majumlisho hupimwa, kwani maharagwe mabovu huharibu chungu kizima. Uliza: Watoto walikuwa wangapi? Walilinganishwa na nani? Je, tafiti zisizopendeza ziliachwa nje? Nani alilipia?

Ukisikia uvumi, muulize muuguzi kabla mtoto hajakosa chanjo. Surua huua.