Kutwa Mara Tatu: Lugha ya Bahasha ya Dawa

Bahasha ya amoksilini, mojawapo ya dawa za nimonia, huandikwa "1 x 3", na mgonjwa wa Wote au Mwingi huambiwa anywe "kutwa mara tatu". Lakini kutwa ni mchana, hadi jua kuchwa. Akiifasiri kauli hiyo kwa "muthenya" wa Kikamba, usiku huweza kuachwa nje, ilhali dawa yatakiwa kunywewa kila baada ya saa 8.

Hatari zaidi, kwa maoni yetu, ni "maliza dozi". Yafaa kwa amoksilini. Humpotosha mwenye shinikizo la damu anayetumia amlodipini, au mwenye kisukari anayetumia metformini. Bahasha ikiisha, hujiona amepona, kumbe kiharusi kinanyemelea. Hao waandikiwe: "Rudi kabla hazijaisha."