Fisi, Homoni na Mtoto Afichwaye

Huku Maganzo, kama kwingineko Usukumani, fisi akilia usiku wako wasemao kuwa mchawi yu juu ya mgongo wake. Husemwa pia kuwa fisi ni huntha, leo dume na kesho jike. Dhana hiyo ina chanzo, kwani fisi madoa jike ana umbo la nje lifananalo mno na la dume, na kwa umbo hilohilo huzaa.

Sababu yake imetafutwa kwa utafiti, si kwa ramli. Katikati ya miaka ya 1980 watoto wa fisi walichukuliwa kutoka Kenya wakalelewa Berkeley, Marekani. Huko Stephen Glickman na wenzake waliona kuwa kondo la fisi mwenye mimba hugeuza homoni za mama kuwa testosteroni, yaani homoni ya kiume, ikamfikia mtoto tumboni. Hata hivyo, dawa za kuizuia zilibadili umbo lile bila kuliondoa. Basi homoni ni sababu mojawapo, si sababu pekee.

Kwa binadamu, majuma ya mwanzo mimba ya kike na ya kiume hazitofautiani kwa umbo. Kisha korodani hutoa testosteroni, na umbo la kiume hujengeka. Mfaransa Alfred Jost alionyesha mwaka 1947 kuwa vijusi vya sungura vilivyoondolewa tezi hizo vilikua kwa umbo la kike. Homoni hiyo ikimzidi mtoto wa kike, au mwili wa mtoto wa kiume usipoipokea, jinsia yaweza kutobainika anapozaliwa. Hapo hapana laana wala kosa la mama.

Jambo hili ni la uhai. Upo ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo ambao humzidishia mtoto wa kike homoni hizo, na mara nyingi humpotezea chumvi mwilini. Asipotibiwa, huweza kufa katika majuma ya mwanzo.

Ndugu zetu wa visiwani walijua chuoni kuwa sheria ya mirathi haikumsahau huntha. Kenya nayo iliwahesabu watu 1,524 wa namna hiyo katika sensa ya 2019. Viongozi wetu, bara na visiwani, wahakikishe kila mkunga anaelewa jambo hili, na kila mzazi anampeleka mtoto huyo hospitali siku ileile, bila kungoja tambiko.