Fahamu: Kwa nini rangi za mchoro hugeuka zifikapo kwa mpiga chapa

Mtu achorapo nembo kwa Inkscape, programu isiyolipiwa iliyoanza mwaka 2003, kisha akaiona bluu yake iliyong'aa kwenye kioo cha tarakilishi imetoka mtamboni imefifia, asiharakishe kuulaumu wino wala karatasi. Kwani kioo huumba rangi kwa nuru nyekundu, kijani na bluu, ilhali mtambo huziumba kwa wino wa samawati, wa majenta, wa manjano na mweusi, na baadhi ya rangi za nuru hazina mithili katika wino. Dawa ni kumwuliza mpiga chapa mapema wasifu wa rangi autumiao, na kudai nakala moja ya majaribio.

Ama ukungu katika picha ya PNG, sababu yake aghalabu ni kuitoa kwa nukta 96 kwa inchi, kipimo cha kawaida cha programu hiyo tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017, hali chapa hutaka takriban 300.

Na herufi zikibadilika sura kwenye tarakilishi nyingine, fonti yake haimo humo: zigeuze ziwe michoro, lakini hifadhi nakala ya asili, maana maandishi yaliyokwisha kugeuzwa hayahaririki tena.