Muulize Mathe wa Kaunta

Kuna wasee hudhani maktaba ni base ya kusomea KCSE na kulalia meza. Sawa, hio pia hufanyika, nimeiona na nimeifanya. Lakini ka unadai stori za michuma, maiti, makarao wamelipwa na madem wako na siri, hakuna mahali ya bei rahisi Nairobi ka rafu za riwaya kwa maktaba ya mtaa. Ngori ni moja: hizo vitabu hazipangwi ati hapa ni za mauaji, hapa ni za mapenzi. Mara mingi zinafuata jina ya mwandishi. So kitabu yenye mtu anadedishwa peji ya tatu inakaa bega kwa bega na ya harusi, na kava zote zimefifia, huwezi jua gani ni gani. Hapo ndio unamuhitaji mathe wa kaunta.

Mathe hana algorithimu. Ako na kitu imeshinda hio: anaona vitabu zikirudi. Anajua gani hurudi kesho yake, gani hukaa mpaka faini ianze kuhesabiwa, na gani hairudingi kabisa. Hio ya mwisho ndio sifa kubwa thrila inaweza pewa hii Nairobi. Ukimwambia, "Mathe, nisaidie na kitu itaninyima usingizi," hatapiga mdomo sana. Atafungua kitabu nyuma akuonyeshe ile karatasi ya tarehe. Ka iko na stampu tatu tangu enzi za Moi, anairudisha. Ka stampu zimebanana mpaka zingine zimegongwa juu ya zingine, na kuna karatasi ya pili imebandikwa juu ya ya kwanza, beba. Alafu kabla utoke, cheki ka peji ya mwisho iko. Sikuchochi. Kuna watu hung'oa mwisho wa kitabu, na sijui huwa wanaipeleka wapi.

Ukitaja crime Nairobi, jina ya kwanza ni John Kiriamiti. My Life in Crime ilitoka 1984, na jamaa aliiandika akiwa ndani, amefungwa miaka 20 juu ya wizi wa mabavu. Hakuwa anakisia: mabenki, magari za kuiba, kuhepa makarao, hio yote alikuwa ameipitia. Mbuyu yako ameisoma, hata ka anakataa. Shida yangu na hio kitabu, na najua nitatukanwa, ni venye Jack Zollo, mhusika mkuu, anajipenda. Kila wizi yeye ndio bazenga, na peji zingine zinaskika ka stori za jaba. Ndio maana mathe mjanja hukupatia My Life with a Criminal: Milly's Story, ya 1989, hata kabla uitishe. Hapo mwenye anabonga ni Milly, dem wa Zollo, na kwa muda mrefu hajui chali yake hufanya kazi gani. Wewe unajua. Akianza kupanga maisha na huyo jamaa, unadai kumpigia nduru kutoka kwa kiti yako. Hakuna mchuma hata moja kwa hio peji, na bado mikono inatoa jasho.

Ka wewe ni wa series na hujawahi maliza kitabu, utapewa Nairobi Heat ya Mũkoma wa Ngũgĩ. Dem mzungu anapatikana amekufa kwa mlango wa profesa wa kutoka Rwanda, huko Madison, Wisconsin, na huyo profesa ni shujaa, aliokoa watu wakati ya mauaji ya kimbari. Ishmael, sanse Mmarekani mweusi, anapigiwa simu: ka unadai ukweli, kuja Nairobi. Anakuja, anakutana na karao wa huku anaitwa O, na kutoka hapo ni mbio. Kitu tamu ni kuona Nairobi na macho ya mgeni mwenye anafanana na sisi lakini haelewi kitu.

Nairobi Noir ya 2020, yenye Peter Kimani alihariri, ni ya wale wa mat. Ni stori 14 fupi za waandishi 14, kila mmoja na kona yake ya hii city. Kuna mzee mzima Ngũgĩ wa Thiong'o, na kuna mayut ka Makena Onjerika na Troy Onyango. Zingine zitakubamba, zingine utalenga, na hakuna mtu atakuuliza.

Alafu kuna Lagos. My Sister, the Serial Killer ya Oyinkan Braithwaite, 2018. Ayoola anaua machali wake, na sistake Korede, nesi, ndio husafisha damu na jik. Unajua muuaji ni nani kutoka mwanzo, so huwezi jiita mpelelezi. Unabaki tu kujiuliza ka ni sistako, ungefanya nini. Sura ni fupi sana, zingine hata hazijazi peji.

Sasa, rafu yenye wasee hulenga mbaya ni ya Kiswahili. Shule ilituharibu: ukiona riwaya ya Kiswahili unaskia "jadili maudhui" kwa kichwa. Na hapo ndio Bwana Msa amejificha, mpelelezi wa Zanzibar wa Muhammed Said Abdulla, na kiko yake mdomoni ka Sherlock Holmes na beshte yake Najum kando. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa 1960, kabla Kenya ipate uhuru, na bado plot imekaza. Kiswahili chake ni cha pwani kabisa, utahitaji kutulia. Ukidai mbio na ngumi, vuka kwa Elvis Musiba, mwenye Willy Gamba wake ni jasusi wa Bongo anapigana na vibaraka wa makaburu, ama Ben Mtobwa na Joram Kiango.

Na ka mathe ni wa miaka flani, James Hadley Chase hatakosa kutajwa. Mwingereza. No Orchids for Miss Blandish ilitoka 1939, magangsta wa Marekani kutoka mwanzo mpaka mwisho, na jamaa alikuwa anaandika kutoka kwa ramani na kamusi ya slang! Jaribu hio na Sheng uone. Kamusi ikitoka kwa printa, mtaa ushahama.

Kusaka hizi vitabu si lazima uende tao, lakini maktaba ya McMillan iko pale Banda Street na simba zake za mawe. Ilifunguliwa 1931, na mpaka 1958 ilikuwa ya wazungu pekee. Eastlando kuna matawi yake, Kaloleni na Makadara, zenye zimerekebishwa na watu wa shirika ya Book Bunk.

Kitu moja mathe hawezi kukuokolea ni yule fala huandika jina ya muuaji kwa peji ya kwanza. Ka ametumia penseli, inafutwa na raba. Ka ni biro, basi, imeenda. Soma tu hivo, ukicheki ni wapi mwandishi alikuwa anakuchocha.