Kodi Imepanda, Bibi Ahamie Wapi?

Ujumbe huwa mfupi: kuanzia mwezi ujao, kodi ya chumba imepanda. Kijana atafunga virago, ahamie mtaa wa pili. Bibi wa miaka 74 aliyepanga chumba Majengo, Mombasa, hana pa kuhamia. Mwenye duka anayemkopesha unga yuko hapo hapo, na jirani anayemshika mkono kwenda zahanati yuko mlango wa pili.

Fedha za Inua Jamii, ambazo serikali ya Kenya huwapa wazee waliofika miaka 70, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kodi ya mjini inazimeza zote, kabla hajanunua dawa.

Kinachoniuma ni kwamba sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ipo. Inamzuia mwenye nyumba kupandisha kodi apendavyo, na mpangaji anaweza kupeleka malalamiko kwenye baraza lake. Lakini inawalinda tu wale ambao kodi yao ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kwa nyumba zilizokuwa zikipangishwa wakati ule, kodi hiyo hupimwa kwa ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1981. Kila kitu kimepanda tangu hapo isipokuwa kiwango hicho. Kwa hiyo kadiri kodi inavyozidi kumwelemea mpangaji, ndivyo sheria inavyozidi kumtupa nje.

Kuinua kiwango ni lazima, ila peke yake hakutoshi. Mitaa hii ina wajane wanaokula kutokana na vyumba viwili vya kupangisha, na wengi nyumba ni yao lakini wanalipia kiwanja cha mtu mwingine. Siwezi kuwaambia hao wabebe mzigo wa wazee wenzao.

Jiji la New York lililiona hilo mwaka 1970. Huko mpangaji wa miaka 62 au zaidi, mwenye kipato kisichozidi dola 50,000 kwa mwaka, anayetumia zaidi ya theluthi ya kipato chake kulipa kodi, huweza kusimamishiwa kodi isipande, mradi nyumba yake iko chini ya udhibiti. Pengo hulibeba jiji: mwenye nyumba hupunguziwa kodi ya jengo.

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kusaidiwa na familia na serikali. Kaunti ndizo zinazotoza ada za viwanja, hivyo zina pa kuanzia: zipunguze ada hizo pale mzee asipopandishiwa kodi. Ila Majengo nafuu hiyo ifike hadi kwa mwenye nyumba, isiishie mfukoni mwa mwenye kiwanja.