Chujio la Moshi wa Trekta na Tatizo la Kuziba

Mwanafunzi akishika kipande cha kigae cheupe cha kauri ndani ya mwali wa mshumaa, kigae hicho huingia masizi. Akikipeleka kwenye mwali mkali wa buluu wa kichomeo cha Bunsen, masizi huungua na weupe hurudi. Jaribio hili dogo latosha kueleza tatizo kubwa linalowasumbua wenye matrekta na mitambo mizito ya siku hizi.

Moshi mweusi wa dizeli una masizi, yaani chembe ndogo sana za kaboni ambayo haikuungua. Chembe hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu visababishavyo saratani kwa binadamu.

Marekani na nchi za Ulaya zilizidi kukaza sheria za moshi wa matrekta makubwa mwaka 2011, na mengi kati yake yakafungwa chujio. Chujio hilo ni pande la kauri lenye vijia vyembamba mfano wa sega la nyuki. Kila kijia kimezibwa upande mmoja, hivyo moshi hulazimika kupenya kuta zenye vitundu vidogo: gesi hupita, masizi hubaki.

Masizi yaliyokusanyika hayana budi kuchomwa. Yenyewe huungua kwenye joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Vichocheo kama platini huwezesha kazi hiyo kufanyika kwenye nyuzi 250 hadi 400. Trekta linalovuta jembe zito hufikia joto hilo kwa urahisi. Lakini linalonguruma limesimama, moshi wake mara nyingi haufiki hata nyuzi 200. Hapo ndipo chujio huanza kuziba.

Kompyuta ya injini ikitambua hali hiyo, huamuru dizeli ya ziada iunguzwe ili chujio lipate joto. Dereva akiikatiza kazi hiyo mara kwa mara, masizi huzidi, nguvu za injini hupunguzwa, na uvunaji husimama. Katika injini zinazopuliza dizeli hiyo ndani ya silinda, sehemu yake huweza kuchanganyika na oili na kuipunguzia uzito. Tena, joto hilo karibu na majani makavu ni hatari ya moto.

Wako wakulima waliochoka wakaling'oa chujio. Huko Marekani hilo ni kosa la kisheria. Isitoshe, masizi yaliyokuwa yakibaki ndani ya kauri sasa huingia vifuani mwa watu. Njia iliyo bora ni kulifanyisha trekta kazi ya kutosha, kuepuka kuliacha liwake bure, na kuliacha chujio likamilishe kujisafisha. Kama kigae cha mwanafunzi, chujio nalo hutakaswa kwa joto kali.